Maziwa ya Hooyo, Tumbo la Galbet

Jumatatu, 10 Novemba

Siku mbaya. Tumbo limejaa, limekaza, linanguruma. Asubuhi nilikaa chooni hadi miguu ikafa ganzi. Simu nilikuwa nayo, nikasoma habari zote za dunia. Dunia inasonga mbele. Mimi hapana.

Muslimo, mke wangu, aligonga mlango akauliza kama nimehamia huko. Akasema niende kliniki kwa miguu yangu, la sivyo atanipeleka yeye, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima wa Galbet. Nikaenda.

Nikamkuta Fathi. Huyu Fathi nilimjua akiwa mtoto wa jirani, anakimbia mtaani bila viatu. Leo ni daktari. Alinisalimia kwa heshima, Adeer, Adeer, jinsi tunavyomwita baba mdogo, halafu akanihoji kama askari wa kizuizi cha mpakani Liboi. Nakula nini. Nakula saa ngapi. Mchana kutwa niko wapi. Nikasema kweli. Nina duka la mazulia na mito ya fadhi, ile ya kukalia chini. Mfanyabiashara mwaminifu hukaa juu ya bidhaa yake. Akishakula cha mchana hulala juu yake, ili mteja aone ubora.

Akasema tumbo langu si gonjwa, nimelichosha. Chai ya sukari tele, sambusa, pasta na nyama usiku mkubwa kisha kulala papo hapo, ndiyo maana kiungulia hakiishi. Sili mboga, sinywi maji, sitembei, ndiyo maana choo kimegoma. Anataka nile mapema, nitafune polepole, nitembee kila siku, na mwili ukiniita niende, nisiuambie usubiri mteja atoke. Akaniwekea kwenye simu kitu cha kupima mwendo. Alhamisi nimrudishie aone. Nikauliza kama hakuna sindano. Hakuna.

Mtoto niliyekuwa nampa peremende, leo ananinyima sukari.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeanza maisha mapya. Muslimo alipika sukuma wiki akasimama mlangoni kuhakikisha. Nikatafuna. Simu yake ilipolia ndani nikatoka uani na kumpa mbuzi sahani yote. Mbuzi alifurahi. Muslimo aliporudi akaona sahani nyeupe, akanitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu mwaka tuliooana. Nikajisikia vibaya kidogo. Nikala sambusa.

Kutembea nako ni kazi. Nilitoka dukani hadi kona ya msikiti, jua likanirudisha. Ndipo akapita Bulle muuza maji na punda wake. Punda yule huzunguka mtaa mzima, hushuka mtoni, hupanda tena, wala halalamiki. Akili ikafanya kazi. Nikaivika simu kitambaa, nikaifunga shingoni kwa punda. Bulle ameahidi kunyamaza. Nimempa mto mmoja, wa rangi ambayo wateja hawaitaki.

Mchana nililala juu ya bidhaa, huku najua kwamba saa ile ile natembea. Raha sana. Lakini ikanijia picha ya zamani. Mimi mdogo, nyuma ya ngamia wa baba, tunahama kuifuata mvua. Tulitoka alfajiri, chakula chetu maziwa tu, na jioni hakuna aliyeuliza nani ana kiungulia. Sikujua hata kama nina tumbo. Nilijua nina njaa, halafu nilijua nimeshiba, basi. Baba alikuwa anaimba kuwaita ngamia, na sauti yake nilikuwa nayo masikioni leo, hapo hapo dukani. Nikalia kidogo. Au ni vumbi la mazulia.

Alhamisi, 13 Novemba

Fathi ameitazama simu akashika mdomo. Kasema Adeer anatembea kuliko askari wa doria. Akauliza tu kwa nini nasimama kila mlango. Nikajibu nasalimia watu. Akasema vizuri sana, moyo mkunjufu pia husaidia tumbo. Akauliza choo je. Nikasema bado kinafikiria.

Furaha haikudumu. Kumbe dada yangu Hadiyo alinipigia jana kutoka kijijini kwetu Kotile, na aliyepokea ni Bulle. Akamweleza bila kuficha kwamba mwenye simu amelala kwenye mito na anayefanya mazoezi ni punda. Hadiyo akamwambia mumewe, Zakariye. Ukimwambia Zakariye umetangaza redioni.

Ujumbe wenyewe ndio umenikata maini. Mvua imenyesha huko, ngamia wamezaa, maziwa yapo. Na Hooyo, mama yetu, amesema msimu huu ndio wa mwisho yeye kufukiza dhiil.

Dhiil ni chombo chetu cha maziwa, cha kusukwa kwa mkono. Kabla wanaume hawajaenda kukamua, mama mwenye nyumba hukifukiza kwa vijiti vyenye moto vya mti anaoupenda yeye, na ule moshi huingia kwenye maziwa. Kila mama ana moshi wake. Mimi nifunge macho nitautambua wa Hooyo popote. Sasa mikono inamtetemeka, moto unamwangukia mapajani. Mvua hii ikiisha watakamulia kwenye madumu ya plastiki kama watu wengine wote. Anataka niende ninywe kabla haijaisha.

Nataka kwenda. Sikumbuki lini nilitaka kitu hivi. Nataka anikabidhi dhiil kwa mkono wake kama zamani, ninywe, na yakae tumboni.

Hapo kwenye kukaa ndipo pana shida. Kwetu kila mtu anajua kwamba aliyezoea mji akinywa maziwa ya ngamia ya msimu wa mvua, yanamfagia. Mwaka jana nilisimama mbele ya wazee nikasema mimi ni mtoto wa ngamia, nikanywa, na kabla sijafuta mdomo nilikuwa mbioni kuelekea kichakani. Mara kadhaa. Zakariye akanipa jina palepale, Orod, yaani Kimbia. Jina la utani kwetu halifi. Kuna mzee alianguka kutoka mgongoni mwa ngamia ujanani mwake, na wajukuu zake mpaka leo ni ukoo wa Aliyeanguka.

Jina ningevumilia. Kilichoniuma ni Hooyo.  Aliifunika dhiil, akaniletea chai ya maziwa ya mbuzi, na tangu siku ile nikienda hunipa chai. Chai, mimi, kama afisa aliyekuja kuhesabu watu!

Mwaka huu sikimbii.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya swala nilinunua maziwa ya ngamia sokoni kwa ajili ya mazoezi. Mama muuzaji akaniuliza kama nimeyazoea, nikamwambia nimezaliwa nayo. Nikanywa yote nikiwa nimesimama, kama baba. Sikufika nyumbani. Nilifika kwa jirani, nikapita sebuleni mwake bila salamu, na alikuwa na wageni.

Muslimo kanicheka hadi akakaa chini. Kasema ajabu yangu, wiki nzima nalia kimefunga, sasa nalia kimefunguka. Akashauri nianze na vikombe vidogo, nizidishe kila siku, mwili utazoea wenyewe, na niache ile pasta ya usiku. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye subira. Gari linaondoka Jumapili.

Nimeenda duka la dawa. Nikaomba vidonge vya kufunga tumbo. Kijana akauliza nimeharisha tangu lini. Nikasema bado, nitaanza Jumapili. Akanitazama sana. Akanionya nisivimeze kama sihitaji. Nikamwambia yeye auze, kuhitaji aniachie mimi.

Nimemeza vya leo. Kesho nitameza vya kesho, na vya keshokutwa pia, ili nisisahau.

Jumapili, 16 Novemba

Niko Kotile.

Gari la kwenda Masalani lilituchukua asubuhi, likazama matopeni, tukasukuma. Sikukasirika. Nchi imekuwa kijani kiasi cha kunisahaulisha mgongo. Niliona kidimbwi cha maji ambapo mimi na Hadiyo tulikuwa tunakoga tukichapwa. Nikamwonyesha abiria wa kando yangu. Akasema ni shimo lililoachwa na wajenzi wa barabara mwaka juzi. Hajui kitu.

Hooyo amepungua. Alikuwa mrefu, leo kichwa chake kinafika kifuani kwangu. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, ikawa inatetemeka mashavuni mwangu, na sikuweza kujibu salamu. Zakariye akajibu kwa niaba yangu. Yuko vile vile, mkavu, mrefu, tumbo limebonyea ndani. Anakula akisikia njaa, anaacha akishiba, anatembea kutwa. Mtu wa kuchukiza.

Jioni Hooyo akaifukiza dhiil. Hadiyo alitaka kumsaidia, akakataa. Moshi ulipofika puani mwangu nilirudi utotoni kabisa, nikawa sina duka, sina deni la usingizi, sina tumbo. Ngamia wakakamuliwa, povu likapanda juu. Watu wakakusanyika, maana habari za punda zilishawafikia.

Hooyo alisita. Mkono mmoja ulikuwa na dhiil, mwingine ulikuwa na birika la chai. Nikanyoosha mkono upande wa dhiil.

Zakariye akanong'ona kwa Kiswahili chake ili wazee wasielewe. "Seeddi," yaani shemeji, "kunywa bole bole. Kichaka iko bale bale."

Nikanywa. Ladha ni ile ile. Moshi, chumvi kidogo, joto la ngamia. Nikashusha dhiil tupu, nikafuta povu, nikakaa. Watu wakasubiri. Nikaendelea kukaa. Wakasali Isha, wakarudi kunitazama, nipo. Zakariye akauliza kama nahisi chochote. Nikasema nahisi usingizi.

Hooyo alicheka hadi meno yake machache yakaonekana yote. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu. Muslimo hasomi shajara yangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Ushindi mkubwa! Zakariye mwenyewe ameniita kwa jina langu, Dubow, mbele ya watu. Alilitamka kama mtu anayemeza mfupa.

Tatizo dogo. Kila nyumba sasa inataka kunishuhudia. Nimenywa kwa jirani wa mashariki, kwa jirani wa magharibi, na kwa mzee mmoja ambaye haoni, aliyenishika tumbo ili ahakikishe. Yote yameingia. Hakuna kilichotoka. Nimemeza kidonge kingine, kulinda ushindi.

Jumatano, 19 Novemba

Sioni miguu yangu nikisimama. Mkanda nimeuweka mfukoni. Ukinigonga tumboni nalia kama ngoma. Nalala kwa upande mmoja tu, upande mwingine umekataa. Zakariye asubuhi alinisogezea dhiil kwa mikono miwili, kwa heshima, mbele ya wazee. Sijui kama anajua. Nafikiri anajua. Nikanywa.

Fathi alisema mwili ukiita niitike. Mwili hauiti. Nimeuita mimi, nyuma ya kichuguu, kwa muda mrefu, kwa upole na kwa matusi. Hakuna jibu.

Hooyo ananitazama. Amemuuliza Hadiyo kama nimefiwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Baada ya swala ya alfajiri Hooyo alisimama juu yangu na fimbo. Kasema niamke, anaenda kutafuta vijiti vya kufukizia na hana wa kwenda naye. Nikasema naumwa. Akasema ameona, niamke. Akanipa maji ya vuguvugu, kikombe baada ya kikombe, akanikataza chai.

Tukatembea. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na tumbo. Anatembea polepole, lakini hasimami. Kila mti una habari zake, naye ananisimulia. Hapa alizaliwa Hadiyo, mvua ikinyesha. Hapa baba yako alipoteza ngamia mweupe, akakaa akalia, na mimi nikajifanya sikuona. Habari hii sikuijua. Baba, kulia! Nilimkumbuka akiimba, sikujua kama alilia. Nikamuuliza mengine, akaniambia mengine. Tukala matunda ya porini aliyokuwa akinichumia zamani, yale yenye mbegu nyingi na ngozi ngumu. Jua likapanda. Sikuliona.

Mbali huko, karibu na bonde, mwili uliita.

Sitaandika zaidi. Ilikuwa kama mtu kutoka jela. Hooyo alinigeuzia mgongo, akaendelea kunisimulia mvua ya mwaka niliozaliwa, kwa sauti kubwa kidogo, ili nisione aibu.

Niliporudi alikuwa amekaa chini ya kivuli. Akasema hakuniita nije kunywa. Kunywa hata ndama anakunywa. Aliniita nikae naye. Yale ya mwaka jana hakuyajali, alinipa chai kwa kuogopa kwamba maziwa yakiniumiza tena sitarudi. Akaniomba nibaki mpaka mvua iishe, tutembee hivi kila asubuhi, maana Hadiyo ana watoto na Zakariye ana ngamia.

Nilimshika mkono. Nilimpenda sana. Nikamwambia nitafikiria.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimerudi Galbet. Nimefikiria njiani. Duka halijiendeshi, na mtu akishashinda aondoke na ushindi wake. Nimemwambia Hooyo nitarudi karibuni. Alinishika uso tena. Alisema sawa.

Tumbo jepesi ajabu. Nimempitia Fathi kumjulisha kwamba nimepona kwa njia ya vidonge. Akauliza vidonge gani. Nikamwonyesha. Akaviweka kwenye droo yake akafunga kwa ufunguo. Akauliza huko Kotile nilikula nini na nilifanya nini. Nikamweleza ile asubuhi na Hooyo, maji, matunda, na kutembea. Akasema Adeer, basi dawa umeshaijua. Nikasema ndiyo, umeifungia kwenye droo.

Usiku pasta na nyama. Muslimo aliniwekea sahani, akaenda kulala.

Jumatano, 26 Novemba

Choo kimefunga tena. Kiungulia kimerudi na jamaa zake.

Hadiyo amepiga simu. Hooyo anauliza nitakuja lini. Maziwa yapo bado, mvua bado. Anakwenda kutafuta vijiti peke yake na juzi alijikwaa.

Hili limenishtua kweli. Sikuweza kulala mchana. Mama yangu, umri ule, anatembea porini! Mwana mwenye akili hutafuta suluhisho. Nimempata kijana wa bodaboda huko huko Kotile, anaitwa Abdisalam, amekulia mjini. Nimemlipa. Kila asubuhi atampakia Hooyo, ampeleke mpaka kwenye miti, amrudishe mlangoni. Hatakanyaga chini hata kidogo. Nimemtumia na mto wa kukalia, mzuri, si ule wa Bulle.

Nimejisikia mwana bora. Nikaagiza sambusa.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimempigia Hadiyo kupokea shukrani.

Kasema Hooyo alipanda pikipiki siku ya kwanza tu. Siku ya pili akaiacha pale nje ya nyumba na kumwambia Abdisalam watembee. Sasa pikipiki inalala uani kutwa na kuku wanataga kwenye ule mto. Yule kijana anatembea naye kila siku mpaka kwenye bonde. Hana mama. Anapenda hadithi. Amesharudia kwa wenzake ile ya baba na ngamia mweupe. Wakirudi, Hooyo anaifukiza dhiil na kumpa yeye wa kwanza. Hadiyo kasema mikono ya Hooyo haitetemeki sana siku hizi. Mvua yenyewe imeanza kukatika, wiki hii huenda ikawa mwisho, kwa hiyo kama nakuja nije leo.

 Kifuani paliniuma, mahali ambapo si pa kiungulia. Nimemlipa kijana kwa ajili ya pikipiki, si kwa ajili ya miguu yake. Anakunywa maziwa ya Hooyo. Yangu.

Nikamuuliza Hadiyo kama kijana akinywa anakimbia. Akasema hakimbii. Hata siku ya kwanza, ingawa alikulia mjini? Hakukimbia. Alianza na kidogo.

Kidogo! Mimi si mtoto. Lazima anameza vidonge, tena vikali kuliko vyangu. Nimemtuma Hadiyo amchunguze mifukoni aniambie ni vya aina gani. Nikishapata jina, nitakwenda.